Bwindi uende mwezi gani: mvua, tope na namna ya kupanda ule msitu

Watu wananiuliza sana, hasa likizo zikikaribia, "Bwindi twende mwezi gani ili tusikutane na mvua?" na jibu langu halijabadilika, mwezi huo haupo. Nimepanda ule msitu kuwaona gorila Januari, nimepanda Aprili, Julai nimeenda mara mbili na Novemba mara moja, na safari zote tano nimelowa. Kinachobadilika ni umelowa saa ngapi, umelowa ukiwa wapi, na tope ulilolikuta ni la jana au ni la wiki tatu zilizopita. Ukilijua hilo unapanga safari vizuri hata kama likizo uliyopewa kazini ni ya mwezi wa nne, kwa hiyo ngoja niyaandike yote niliyoyaona ili asiyewahi kwenda aende akijua anakutana na nini.

Bwindi ipo kusini magharibi mwa Uganda, mpakani na Kongo, kama digrii moja tu kusini ya ikweta, juu ya ukingo wa bonde la ufa la magharibi. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 320 za milima iliyobanana, upande wa chini kabisa ni mita 1,160 kutoka usawa wa bahari na juu kabisa ni mita 2,607. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na 1994 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jina lenyewe linatokana na Mubwindi, kinamasi kilichopo upande wa Ruhija, mashariki ya msitu, na wenyeji wanakwambia maana yake ni mahali pa tope na giza. Mimi nasema walioupa msitu jina walishatuambia hali ya hewa mapema.

Sasa mvua inatoka wapi. Kuna ule ukanda wa mvua unaofuata jua, unapita ikweta kwenda kaskazini na kurudi kusini, kwa hiyo sehemu kama Bwindi inapitiwa mara mbili kwa mwaka na ndiyo maana kuna misimu miwili ya mvua. Halafu kuna hewa yenye unyevu inayotoka upande wa misitu ya Kongo, ikifika kwenye ule ukingo inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Na msitu wenyewe unatoa mvuke mchana kutwa jua likiuchoma, ule mvuke unapanda unakuwa wingu, wingu linarudi kama mvua jioni ile ile. Kwa mwaka inanyesha kati ya milimita 1,130 na 2,390 kutegemea uko sehemu gani ya hifadhi. Sisi watu wa Bukoba mvua tunaijua, tumezaliwa nayo, lakini mvua ya Bukoba inakukuta kwenye tambarare na una baraza la kujibanza, ya Bwindi inakukuta umeshika mzizi kwenye mteremko.

Misimu ikoje

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kama masika yetu, na Aprili ndiyo kilele. Mvua za pili ni Septemba hadi Novemba. Katikati unapata vipindi viwili vya nafuu, Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari. Nasema nafuu kwa sababu mtu akisikia kiangazi anafikiria vumbi la Dodoma, hapana, Bwindi nafuu maana yake ni kwamba inaweza kukaa siku tatu nne bila kunyesha halafu ikanyesha saa moja jioni ukasahau kama kulikuwa kukavu. Ile Julai yangu ya kwanza nilienda bila koti la mvua kwa sababu niliambiwa ni msimu mkavu, na siku ya kupanda ikanyesha kuanzia saa sita mchana mpaka tumetoka msituni, nikatetemeka njia nzima ya kurudi.

Juni na Julai ndiyo njia zinakauka kidogo chini ya mguu, unakanyaga na mguu unakaa, na nikiulizwa na mtu mwenye magoti mabovu basi ndiyo miezi ninayomwambia. Ila kuna mambo mawili. La kwanza ni baridi, hiyo ndiyo miezi usiku unakuwa mkali, wanatangaza kiwango cha chini cha digrii 7 na ukiwa juu Ruhija unaamini kabisa. La pili ni vibali vya kuwaona gorila, wageni wa Ulaya na Marekani wanajaa kipindi hicho, na kila kundi la gorila linatembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku kwa saa moja tu, kwa hiyo nafasi zinaisha miezi kadhaa kabla. Desemba ya sikukuu ni vile vile.

Januari na Februari mimi ndiyo napapenda. Mvua imepungua, watu wa sikukuu wameshaondoka, msitu umeoshwa na mvua za Novemba na asubuhi unaona milima yote mpaka volkano za Virunga kule upande wa Kisoro, Muhabura imesimama peke yake kama imechorwa. Ukitaka picha za mandhari nenda kipindi hicho, Julai na Agosti hewa inakuwa na ukungu wa moshi na vumbi la mbali, watu wanachoma mashamba, milima unaiona kama kivuli.

Machi, Aprili na Mei ni tope. Sitakudanganya. Lakini pia ndiyo kipindi kibali kinapatikana kirahisi, vyumba vinashuka bei, msitu uko hai kupita maelezo, na kundi lenu linaweza kuwa na watu wanne badala ya wanane. Novemba nayo inafanana, ila nilivyoiona mimi mvua zake ni kali na fupi, inapiga inaacha, wakati Aprili inaweza kunyesha usiku kucha na asubuhi bado inadondoka.

Kuna jambo watu hawalifikirii, nalo ni gorila wenyewe. Gorila wa Bwindi wanakula matunda kuliko wenzao wa Virunga ambao wanategemea sana majani, na kipindi matunda yameiva wanatembea zaidi kwa siku wakiyafuata. Kwa hiyo hata ukienda mwezi mkavu unaweza kutembea masaa matano kwa sababu familia imehama bonde, na rafiki yako akaenda Aprili akawakuta baada ya dakika 40 wamekaa wanatafuna. Mwezi unakusaidia kwenye tope, kwenye umbali haukusaidii kitu, hapo ni wao wameamkaje.

Chagua upande wa msitu kabla ya kuchagua mwezi

Hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila mtu. Bwindi ina milango minne ya kuanzia safari za gorila: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Watu wanakata kibali popote penye nafasi halafu wanakuja kulalamika, wakati tofauti ya hali ya hewa kati ya Buhoma na Ruhija siku hiyo hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya Januari na Aprili.

Buhoma iko chini, kama mita 1,500, ni joto kidogo, usiku blanketi moja linatosha, na ndipo utalii wa gorila Uganda ulipoanzia mwaka 1993. Ruhija iko kama mita 2,300. Kwa kawaida kila ukipanda mita 100 joto linashuka zaidi ya nusu digrii, piga hesabu, kati ya Buhoma na Ruhija unapoteza karibu digrii 5, na hapo hujahesabu upepo. Ruhija asubuhi ukungu unalala barabarani kama maziwa yaliyomwagika, unaona miti ya mbele tu, na jioni wahudumu wanakuwekea chupa ya mpira yenye maji ya moto kitandani, usiikatae. Ndiyo upande wenye mianzi na ndipo pa kuteremkia kwenye kile kinamasi cha Mubwindi. Kule kanuni ni moja, unashuka kwanza halafu unapanda wakati wa kurudi, yaani sehemu ngumu inakuja umeshachoka na mara nyingi mvua ya mchana imeshakukuta. Kama ni Aprili na wewe si mtu wa mazoezi, Ruhija iache.

Nkuringo ni hivyo hivyo kwa miteremko, labda ndiyo miteremko mikali kuliko yote, unaanza juu kwenye mgongo wa mlima unatumbukia bondeni. Rushaga ina familia nyingi za gorila kuliko milango mingine kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa wa kupangwa kundi linaloendana na nguvu zako, na hapo nakupa siri, asubuhi kwenye maelezo ongea. Mwambie kiongozi, mimi nina goti, au nimekuja na mzazi, wao wanajua jana familia ipi ililala wapi na kama nafasi ipo wanakupanga na iliyo karibu. Watu wanaona aibu kusema wanaishia kuteseka.

Kwa kifupi ninavyopanga mimi: mvua kubwa, Buhoma au Rushaga. Msimu wa nafuu na miguu mizima, popote, Ruhija ikiwemo, na usikose Ruhija angalau mara moja maishani.

Saa za siku

Asubuhi unatakiwa kufika kituoni kabla ya saa mbili, mnapewa maelezo, mnagawanywa, mnaondoka kama saa mbili na nusu au saa tatu. Wafuatiliaji wameshaingia msituni mapema zaidi, wanaanzia pale walipowaacha gorila jana, wanatafuta viota walivyolala, wanafuata nyayo, halafu wanawasiliana na kiongozi wenu kwa redio. Mvua haiahirishi safari. Inyeshe isinyeshe mnakwenda, na kibali hakirudishwi kwa sababu ya mvua, kwa hiyo wale wanaoniuliza "ikinyesha je?" jibu ni kwamba unavaa koti unakwenda.

Msimu wowote, mvua nyingi nilizokutana nazo zilianza kati ya saa sita na saa kumi. Asubuhi ni ukungu na majani yaliyolowa, na hapo ndipo watu wanapokosea, wanaona hakunyeshi wanafunga koti la mvua kwenye begi, wakitembea dakika 20 katikati ya majani yanayowafika kifuani suruali imelowa mpaka kiunoni bila tone hata moja kutoka mbinguni. Vaa suruali ya mvua tangu mwanzo kama usiku ilinyesha. Koti unaweza kulifunga, maana kupanda kunatoa jasho na jasho ndani ya koti linakulowesha kama mvua yenyewe.

Jua linachelewa kuchomoza kidogo kule, karibu saa moja asubuhi, na chini ya miti mwanga unafika umechoka. Picha za simu zinatoka na giza, mwanga wa flashi hauruhusiwi, kwa hiyo kabla hujaenda jifunze kuongeza mwanga kwenye kamera ya simu yako nyumbani. Kioo cha lenzi kinashika mvuke ukitoa simu mfukoni yenye joto la mwili, itoe dakika chache kabla hamjafika iache ipoe, na kitambaa kikavu kiwe mahali ambapo mvua haifiki.

Aprili na mama

Nilimpeleka mama yangu mwaka aliotimiza miaka 63. Aliitaka hiyo safari mwenyewe, na muda pekee ambao wote tulikuwa huru ulikuwa Aprili, na mimi nilikuwa na wasiwasi mpaka usingizi ukakata. Tulivuka mpaka wa Mutukula, tukapita Masaka, Mbarara, Kabale, tukalala Rushaga. Usiku mzima bati lilipigwa mvua. Asubuhi imeacha lakini ukungu umekaa.

Pale kituoni wapo vijana wa vijiji vya jirani wanaobeba mizigo, wapagazi, na nilimchukulia mama wawili. Naomba msomaji ulizingatie hili kuliko yote niliyoandika: msimu wa mvua chukua mpagazi hata kama begi lako ni jepesi kama karatasi. Begi si kazi yake kubwa. Kazi yake ni mkono. Yule kijana wa mbele alikuwa anachimba ngazi kwa kisigino cha gambuti, anapiga mara mbili tatu udongo mwekundu mpaka panapatikana pa kukanyaga, anageuka anampa mama mkono, wa nyuma ameweka kiganja mgongoni kwa mama bila kusukuma, amekiweka tu pale ili kama akiteleza kiwepo. Kila hatua. Masaa mawili na nusu kila hatua. Mama anaongea Kihaya na wale vijana wanaongea Rukiga na lugha hizi ni ndugu kabisa, dakika kumi hazikupita wanapiga stori, wanamwambia mpora mpora naye anacheka anawaambia na kwetu ni mpola mpola.

Tulikuta familia imekaa chini ya mti mkubwa na mvua ikaanza pale pale. Gorila wakinyeshewa hawakimbii. Wanajikunja, mikono kifuani, kichwa chini, wanasubiri. Dume kubwa lilikuwa kama hatua kumi na mbili kutoka tulipokuwa, mvua inaingia kwenye manyoya ya mgongo inatengeneza vitone juu juu kama umande kwenye jani la kunde, halafu kila baada ya muda linapumua kwa nguvu na vile vitone vyote vinatikisika vinadondoka. Mtoto alikuwa ameingizwa ndani kabisa ya tumbo la mama yake, unaona mguu mmoja tu nje, vidole vimekunjwa. Mama yangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Amemfunika kama nilivyokufunika wewe siku ya daladala," na mimi nilijua siku gani anayoisema. Ile saa moja tuliyokaa na mvua sitaibadilisha na saa yoyote ya Julai.

Kurudi ndiko kulikuwa kugumu, alianguka mara mbili, zote akakaa chini kwenye tope laini na hakuumia kwa sababu wale vijana walishamshika kabla hajafika. Bei ya mpagazi iulize pale pale kituoni asubuhi, na ukiwa umeridhika ongeza chochote, ile ni siku ya kazi nzito kwao na familia zinategemea.

Vitu vya kubeba na kuvaa

Viatu ndiyo mjadala mkubwa. Wapagazi na wafuatiliaji wengi wanavaa gambuti, na kwa tope la Aprili gambuti ni kiatu kizuri sana, maji hayaingii, unaosha kwa ndoo unaendelea. Tatizo ni mteremko mrefu, mguu unachezacheza ndani vidole vinagonga mbele, ukiwa huna mazoea nayo jioni kucha zinauma. Mimi navaa buti la kufunga linaloshika kifundo cha mguu lenye meno marefu chini, na lazima liwe limeshavaliwa wiki kadhaa kabla. Raba za mazoezi usijaribu, soli zake zikishajaa udongo zinakuwa kama sabuni. Kata kucha za miguu siku moja kabla, hilo ni dogo lakini utanikumbuka ukiwa unashuka.

Soksi ndefu, na suruali iingizwe ndani ya soksi. Sababu ni siafu. Baada ya mvua siafu wanahama na utawakuta wanakatiza njia, mstari mweusi upana wa vidole viwili unaotembea kama maji, na wale wakubwa wenye taya wamesimama pembeni kulinda. Kiongozi akisema "siafu, ruka" usisimame kuangalia, ruka na endelea kutembea hatua kumi ndiyo uangalie miguu. Ukisimama jirani na mstari wameshapanda, na wakishaingia ndani ya suruali utaivua hapo hapo mbele za watu.

Glovu za bustani, zile nzito kidogo. Unaposhika majani kujivuta kuna miiba na kuna yale majani yanayowasha, yanachoma hata juu ya kitambaa chepesi, mkono ukishaguswa unawaka nusu saa. Jinzi iache nyumbani, ikilowa inakuwa na uzito wa mtoto na haikauki mpaka unarudi Tanzania. Vaa nguo ya kitambaa chepesi cha nailoni kinachokauka haraka, juu fulana, shati la mikono mirefu, sweta jepesi begini, na koti la mvua la kweli lenye kofia. Mwamvuli haufai, mikono yote miwili unaihitaji.

Fimbo wanakupa kituoni bure au kwa kukuazima, ichukue hata kama una miaka 20. Maji lita mbili, chakula cha mchana, na chupa ndogo ya chai ya moto yenye tangawizi na sukari ya kutosha. Ile chai baada ya mvua, mkono unatetemeka, unaona inashuka mpaka tumboni, thamani yake ni kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kubeba. Nguo kavu kamili ziache kwenye gari, taulo pia.

Kuhusu kimo, mita 2,300 si Kilimanjaro, ule ugonjwa wa milima hauwapati watu wengi kwa urefu huo, lakini kama unatoka Dar au Mombasa utahema kupita ulivyozoea. Fika siku moja kabla, lala, tembea kidogo jioni, halafu siku ya kupanda nenda kwa mwendo wako. Kiongozi anatembea kwa kasi ya mtu wa mwisho, mwambie tu apumzike.

Usikohoe

Hapa hali ya hewa inaungana na sheria. Gorila wanaambukizwa mafua yetu, na mafua ambayo kwako ni siku tatu za kukoroma kwao yanaweza kuua familia. Sensa ya 2018 ilihesabu gorila 459 Bwindi pamoja na msitu wa Sarambwe upande wa Kongo, wote hao ndio hao, kwa hiyo mtu mwenye kikohozi au mafua haruhusiwi kuwafikia na barakoa mnavaa mkishakaribia. Sasa fikiria umesafiri siku mbili kwa basi madirisha wazi, umefika Ruhija usiku na fulana, umeoga maji ya baridi, asubuhi unapiga chafya. Nimeona mtu akibakishwa kituoni namna hiyo, mtu mzima analia, na sikuweza kumlaumu askari wa hifadhi hata kidogo. Jikinge na baridi kuanzia barabarani, na kama unaumwa sema mwenyewe mapema. Walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kabisa, usimbebe mtoto ukitegemea huruma.

Kibali na barabara

Kibali unapata kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda au kupitia kampuni ya utalii iliyosajiliwa. Kuanzia Julai 2024 raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 300,000 za Uganda na mgeni wa nje ya Afrika ni dola 800, hakikisha tena kabla ya kulipa maana wanabadilisha. Ndugu zangu Watanzania, Wakenya, Wanyarwanda, Warundi, hii bei ni zawadi kabisa, beba pasipoti au kitambulisho cha taifa cha kuthibitisha, na kadi ya homa ya manjano usiisahau mpakani.

Barabara ndiyo kitu kinachoharibu safari nyingi za masika kuliko msitu wenyewe. Kutoka Kabale kwenda Kisoro ni lami nzuri, shida ni pale unapoiacha lami kuelekea Ruhija, Rushaga au Nkuringo, ni udongo, kona, bonde upande mmoja, na mvua kubwa ikinyesha udongo wa mlimani unaporomoka unafunga njia. Kuna mwaka tulikodi gari dogo kwa sababu lilikuwa rahisi, tukaambiwa linafika bila shida, likakwama kilomita chache kabla ya Ruhija saa kumi na mbili jioni, tukasukuma gizani na mvua mpaka wanakijiji wakaja na majembe. Msimu wa mvua chukua gari la juu lenye nguvu miguu yote minne na dereva anayezijua zile njia, usiendeshe usiku, na lala upande ule ule ulioandikwa kwenye kibali chako. Hilo la mwisho linawaponza wengi, mtu analala Buhoma kibali chake ni cha Rushaga, kwenye ramani ni karibu lakini kwa gari ni masaa mengi kuzunguka milima, na ukichelewa maelezo ya asubuhi wenzako wameshaingia msituni.

Acha pia siku moja ya akiba baada ya kupanda. Ikiwa hakunyeshi, Buhoma kuna njia ya maporomoko ya maji ambayo inapendeza zaidi mvua zikiwa nyingi, na kuna njia ya miguu inayokatiza msitu mzima kutoka Buhoma mpaka Nkuringo, hiyo ifanye Juni au Januari na askari wa hifadhi. Ikinyesha sana, watafute Batwa, wale waliokuwa wakiishi ndani ya ule msitu kabla ya kutolewa mwaka 1991, ukae nao usikilize wanavyousimulia.

Buti zilizolowa usiziweke jirani na moto, ngozi inapasuka na gundi inaachia. Toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, yabadilishe kabla ya kulala na tena alfajiri. Udongo wa Bwindi ukikauka kwenye kamba hautoki kwa brashi, uoshe usiku ule ule ukiwa bado laini.

Mama ameshaniambia mwakani anataka Ruhija. Nimemkatia Februari.